Siafu Mwenye Mguu Mzito

Mama Marselina alikula pale tu alipomsikia marehemu akitembea.

Lilikuwa jambo la kutisha kulitamka, na katika nyumba ile ya Nachingwea hakuna aliyelitamka waziwazi. Lakini wote walilijua, na saa za chakula walizipanga kwa kulifuata; siku ambazo hatua hazikusikika, alikunywa chai ya rangi tu. Klementina, binti yake mkubwa, alifundisha fizikia katika shule moja ya sekondari huko Ruangwa. Kila Ijumaa alasiri aliteremka nyumbani vumbi jekundu la njiani likiwa limemkalia kwenye kope. Kabla hajanawa uso, alifungua karakana ya mdogo wake, akamchukua Siafu kwa mikono miwili, akamweka sakafuni ukumbini na kubonyeza swichi. Siafu alitetemeka, akajiinua, kisha akaanza safari yake juu ya saruji: ta-ta, kwaruu; ta-ta, kwaruu. Ndipo sauti ya mama ilipotoka chumbani, nyembamba, yenye furaha isiyostahili kuwamo katika nyumba ya msiba.

"Huyo amerudi. Nileteeni uji wangu."

Siafu alikuwa mashine ya miguu sita, yenye ukubwa wa ungo mdogo. Linus, yule mdogo wake Klementina, fundi redio na simu pale sokoni, aliipokea mwaka 2008 ikiwa vipande ndani ya boksi lililopakiwa basini Dar es Salaam: mbavu za plastiki nyembamba, mota ndogondogo za kukunja viungo, bodi ya kuongozea, na mfuko wa skrubu ambazo hazikutosha. Ilikuwa seti ya bei ya chini kuliko zote, ya watu wanaojifunza kwa kujifurahisha, na maelezo yake yalikuwa ya Kichina. Masika yote Linus alikesha nayo. Mbavu zilizopinda alizitegemeza kwa vibao vya mninga. Nyayo zilizoteleza alizivisha raba iliyokatwa kwenye kandambili. Siku ilipoweza kusimama bila kuanguka kifudifudi aliwaita majirani, wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Mikorosho ilipokuwa ikichanua, homa ilimpata Linus, na haikumpa nafasi ya kuaga.

Baada ya maziko mama alilala akiutazama ukuta, akakataa chakula. Klementina alikuwa akipanga vifaa vya karakana siku aliyoiwasha ile mashine, pasipo kusudi lolote ila kuona kama bado ni nzima. Mguu wa nyuma wa kushoto ulichelewa kidogo kuliko mingine, kisha ukaburuzwa. Linus naye, tangu ugonjwa wa kupooza ulipompitia utotoni, mguu wake wa kushoto ulichelewa kidogo, kisha ukaburuzwa. Kutoka chumbani mama aliinua kichwa na kusema, "Mwambieni avue viatu, nimepiga deki." Halafu akaomba uji.

Binti gani angezima?

Aliyelipa gharama ya uji ule hakuwa Klementina, wala hakuwa mama. Alikuwa Aneth, mjane wa Linus, aliyekaa chumba cha uani amejifunga kaniki, kichwa kimenyolewa, asiruhusiwe kuvuka ua. Kwa desturi ya ukoo ule, mjane hafunguliwi mpaka tanga liondolewe. Na tanga haliondolewi mpaka mama mzazi atamke kwa kinywa chake mwenyewe, mbele ya watu, kwamba mwanangu amekwenda. Mama Marselina hakutamka. Angetamkaje, na mwanawe alikuwa akipita ukumbini?

Mjomba Bernardo, kaka wa mama na mkubwa wa ukoo, alifika kutoka Chinongwe kwa pikipiki ya kukodi, akaketi kwenye kiti cha uvivu na kumtazama Siafu akipita mbele ya miguu yake. Alikunja nyayo zake chini ya kiti.

"Mwalimu," alisema, "serikali inakulipa ufundishe watoto, nawe unafuga mdudu?"

"Ni mashine tu, mjomba."

"Mashine tu! Mashine ya kusaga naijua, ya cherehani naijua. Hii inachechemea kama mpwa wangu niliyemfukia kwa mikono hii, nawe unaniambia mashine tu. Majirani zako wamehamisha njia. Wanapita nyuma ya msikiti ili wasiisikie. Hukuona?"

"Nimeona."

"Basi nisikilize. Mwisho wa mwezi naleta watu, tunaondoa tanga. Nitasimama mlangoni niliite jina la marehemu, na Kornel, binamu yake, ataitikia. Jina haliwezi kulala nje kama mbuzi asiye na mwenyewe. Kornel akishaitikia, yeye ndiye Linus: mama yako atakuwa na mwana, karakana itakuwa na mtu, na huyu binti wa watu atafunguliwa, awe na mume. Lakini dada yangu asiposema neno lake, sina la kufanya. Mnyamazishe mdudu wako."

"Nikimnyamazisha, mama atakufa njaa."

Mjomba alivuta ugoro, akafuta pua.

Klementina alijua kwamba Siafu angenyamaza bila kunyamazishwa. Gia za mota zile zilikuwa za plastiki, na plastiki huliwa meno. Kila mzunguko wa ukumbi ulimwaga unga mweupe viungoni, na mguu wa nyuma wa kushoto ndio uliougua kuliko yote; hivyo ndivyo alivyoamini. Uchechemeaji ule kwake haukuwa muujiza. Ulikuwa gia mbovu iliyotokea kufanana na mguu mbovu wa mtu, na mwalimu wa fizikia hana budi kulishika hilo hata damu inapomsisimka.

Aliagiza kwa rafiki aliyesoma naye chuoni mota moja yenye gia za chuma. Ilipofika, hakuifunga kwa pupa kama wafanyavyo wanaoanza. Kwanza aliipa umeme, akaiamuru ikae katikati ya mwendo wake; ndipo alipoupachika mguu ukiwa wima, akakaza skrubu ya kitovu, akaupima kwa rula pande zote mbili. Nyaya alizilehemu upya. Hata betri aliibadilisha, akaweka mpya yenye nguvu, aliyoichaji kwa sola ya paani. Ulikuwa mguu mpya kabisa, ambao Linus hakuupata kuuona wala kuugusa.

Akabonyeza swichi.

Ta-ta, kwaruu. Ta-ta, kwaruu.

Klementina alirudi nyuma mpaka mgongo wake ukagonga rafu. Sauti ilikuwa kubwa kuliko ya awali, kwa sababu chuma kina nguvu kuliko plastiki. Marehemu alitembea sasa kama mtu aliyepona homa. Chumbani mama alicheka. Klementina alimkimbilia Siafu, akamgeuza chali. Miguu sita iliendelea kupiga hewa, na ule mpya, mzima usio na kasoro, ulichelewa kidogo kuliko mingine.

Kesho yake jioni, aliporejea Ruangwa, alikwenda na betri ndani ya mkoba wake. Hakumwambia mtu. Alijisemea kwamba anaijaribu mashine; ukweli ni kwamba hakutaka isikike ikitembea pasipo yeye kuwapo.

Ijumaa iliyofuata alimkuta mama ameketi kitandani, mashavu yamejaa kidogo, bakuli tupu miguuni.

"Umekula, mama?"

"Nimekula. Mdogo wako alikuwapo Jumatano, na jana pia. Ila amechoka, maskini. Hatua zake nzito, kama anapanda kilima."

Klementina aliubana mkoba kifuani. Betri ilikuwamo, aliihisi ubaridi wake kupitia kitambaa. Aliingia karakana na kumkuta Siafu juu ya rafu, alipomwacha, isipokuwa kwamba alimwacha akiutazama ukuta, naye sasa aliutazama mlango.

Usiku ule alilala na khanga imefunika masikio.

Asubuhi alipiga moyo konde. Alichukua kikapu, akaaga kwa sauti ya kusikika mpaka uani kwamba anakwenda sokoni kutafuta mbaazi na dagaa. Alifika penye mti wa mkungu, akavua viatu, akarudi kwa kupitia nyuma ya jiko. Alisimama chini ya dirisha la karakana. Mwanzoni alisikia kuku tu. Kisha, ndani ya chumba kisichokuwa na betri, ta-ta, kwaruu. Ilikuwa dhaifu, yenye kusitasita, kama mtu anayetembea akiwa amebeba mzigo. Alitaka kukimbia, na alipoitazama miguu yake aliona imekwisha kumfikisha mlangoni.

Akausukuma mlango.

Aneth alikuwa amechuchumaa sakafuni katika kaniki yake, akimfuata Siafu kama mtu anayemfundisha mtoto kwenda tete. Mikononi alishika fungu la betri za tochi zilizofungwa pamoja kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, na nyaya mbili zilining'inia kutoka kwenye fungu lile mpaka tumboni mwa mashine. Walitazamana. Siafu aligonga mguu wa meza, akaendelea kugonga.

"Funga mlango, wifi," Aneth alinong'ona. "Mama hajamaliza uji."

Klementina aliufunga. Akaketi kwenye boksi la redio kuukuu.

"Ni wewe."

"Ungetaka awe nani?"

"Nilidhani... Aneth, unajua unachokifanya? Kila anapotembea huyu, unajifungia mlango mwenyewe. Mjomba hawezi kukufungua. Una miaka mingapi, wewe? Unataka kuzeekea ndani ya kaniki?"

"Kaniki hainidai neno. Kornel atanidai." Aneth alimgeuza Siafu, akamwelekeza tena upande wa ukumbi. "Kornel ni mtu mwema, sina ugomvi naye. Lakini anakula kwa kishindo, wifi, na akicheka huvuta pua kama punda. Akishaitikia mlangoni, nami nitapaswa kumwita Linus. Nimpelekee maji bafuni nikimwita Linus? Aje Ruponda kwa wazazi wangu, wamwite mkwe, wamwite Linus? Wewe utakuwa Ruangwa na chaki zako. Mimi ndiye nitakayelitamka asubuhi na jioni, mpaka siku moja nikilisikia jina lile nione sura ya Kornel."

Nje jirani aliita kuku wake, akanyamaza ghafla, kisha hatua zake zikasikika zikienda haraka.

"Na mguu?" Klementina aliuliza. "Nimeubadilisha, Aneth. Nimefunga mota ya chuma. Kwa nini bado unachechemea?"

Hapo Aneth alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu mazishi, tabasamu la mtu aliyetunza kitu chake mwenyewe.

"Kwa sababu kosa halikuwa la mguu kamwe. Alipokuwa akiandika ile programu hakujua hatua zipishane vipi. Maelezo yalikuwa ya Kichina. Akasema, mwendo ni mwendo, nitapima wangu. Akanishikisha simu yenye saa ya kupimia muda, akatembea ukumbini huku na huku, nami kila mguu wake ulipogusa chini nikabonyeza. Akazichukua nyakati zile akazitia humu kama zilivyo."

"Wala hakutambua?"

"Atambueje? Alitembea hivyo maisha yake yote; kwake kule ndiko kutembea. Siafu alipoanza kuburuza mguu, alisema Wachina wamempunja, gia ni mbovu. Akaufungua mguu ule, akaukaza, akaufungua tena. Wiki nzima! Nami nimekaa pale, najua, namshikia tochi."

"Hukumwambia."

"Wewe ungemwambia?"

Klementina alijaribu kucheka, na kilichotoka hakikuwa kicheko. Kwa hiyo lililokuwamo ndani ya bodi ile, dogo kuliko ukucha, lilikuwa mwendo wenyewe wa mdogo wake. Si mfano wake, bali nyakati za nyayo zake, zilizopimwa kidole kwa kidole na mke aliyempenda. Alitamani kumzima upesi, na alitamani asizimike kamwe.

"Aneth," alisema hatimaye, "miguu mingine ni ya plastiki bado. Nikiibadilisha yote, bodi nayo itaungua siku moja. Atanyamaza. Siku hiyo mama atalala tena kuutazama ukuta, nawe utakuwa hapa, umri umekwenda. Wataka kutoka, au hutaki?"

Mjane alizichomoa nyaya kwenye vile vibetri. Siafu akaketi taratibu juu ya tumbo lake.

"Nataka kutoka," alisema, na machozi yakamtoka bila sauti. "Nataka kufika Ruponda nikapalilie karanga na mama yangu. Ila sitaki kutokea kwenye mlango aliosimama Kornel."

Mwisho wa mwezi ulipokaribia, Klementina alikuja na kompyuta ndogo ya kukunja aliyoiazima shuleni, na waya wa kuiunganisha na bodi. Alikuwa ameandika programu mpya: miguu mitatu juu, mitatu chini, kwa nyakati zilizo sawa kabisa, kama vitabu vilivyoagiza. Alijaribu kwanza kuisoma ile ya zamani aihifadhi mahali. Bodi za bei ile hukubali kuandikwa, hazikubali kusomwa. Na kompyuta aliyoitumia Linus ilikuwa ya mtu wa Masasi, ilikwisha kufutwa na kuuzwa. Ukiandika jipya, la zamani limekwenda.

Aliondoa mkono kwenye kitufe, akamsogezea Aneth kompyuta.

"Wewe ndiye uliyezipima."

Aneth alikitazama kitufe kwa muda mrefu. Kisha akabonyeza, kwa kidole gumba, kama mtu anayesubiri mguu uguse chini.

Jumamosi watu walijaa uani. Mjomba Bernardo alivaa kanzu iliyopigwa pasi, na nyuma yake Kornel alisimama na shati jipya, akiuma kucha. Mama Marselina alitolewa nje, akaketishwa juu ya mkeka kizingitini, mgongo akiupa ukumbi.

"Dada," mjomba alianza, "watu wamekuja kukusikiliza."

"Wamsikilize mwenyewe," mama alisema. "Atapita sasa hivi. Klementina, mwambie mdogo wako amefika mjomba."

Klementina alimweka Siafu sakafuni na kubonyeza. Watu walirudi nyuma, baadhi wakajiziba masikio.

Ta, ta, ta, ta.

Ulikuwa mwendo mzuri kabisa. Miguu yote ilishuka kwa wakati wake na kupanda kwa wakati wake, naye Siafu alivuka ukumbi kutoka dirishani mpaka mlangoni pasipo kuburuza chochote. Uso wa mama ulibadilika polepole, kama maji yanavyotulia ndani ya ndoo. Aliinamisha sikio. Akasubiri ile kwaruu, akasubiri tena.

"Huyu ni nani?" aliuliza.

Siafu aligonga kizingiti nyuma ya mgongo wake.

"Huyu simjui. Mwanangu hatembei hivi." Mikono yake ilipapasa mkeka. "Bernardo, mwanangu hatembei hivi. Basi mwanangu amekwenda."

Kilio kilipasuka uani, cha wanawake kwanza. Mjomba hakungoja kipoe. Alisimama mlangoni, akauelekeza uso wake njiani, na kuita kwa sauti ya watu wazima wa zamani:

"Linus!"

Kornel alikohoa kulainisha koo. Katika kukohoa kule, Klementina alimwona Aneth pembeni mwa jiko, macho ameyafumba kama mtu anayengoja kuchomwa sindano. Klementina hakuwa amepanga neno lolote. Alikuwa angali amepiga magoti karibu na mashine, mkono juu ya swichi.

"Nipo," alisema.

Mjomba aligeuka, macho yamemtoka. "Wewe mwalimu umerukwa na akili? Sikukuita wewe. Tangu lini mwanamke akaitwa Linus? Kornel, itika!"

"Ameitika tayari," mama alisema kutoka mkekani, wala hakuinua sauti. "Jina likiitikiwa limepata mtu. Hata wewe, Bernardo, uliitikia jina la bibi mzaa baba, ukalibeba mpaka ukapata lako. Umesahau ulivyolia?"

Wazee wawili walicheka bila kutaka. Kornel alishusha pumzi ndefu ya mtu aliyetuliwa gunia, akafungua kifungo cha shati. Na kwa kuwa neno la mama mzazi halina rufaa katika shughuli ile, mjomba alifuta pua na kuagiza maji ya kumwosha mjane.

Kaniki ilivuliwa. Jioni ile Aneth alitembea mpaka sokoni na kurudi, bila kununua kitu, kwa sababu tu aliweza. Jumapili alifunga mizigo yake.

"Sasa wewe ndiye mume wangu?" alimtania Klementina, akikaza kamba ya begi. "Mume gani hajui hata kupasua kuni!"

"Niite unavyotaka."

"Nitakuita wifi mpaka nife. Mjomba akinisikia, nitasema ulimi umeteleza." Alimshika mikono, akaibana. Halafu akapanda gari la Ruponda, hakutazama nyuma. Na Klementina alifurahi kwamba hakutazama.

Nyumba ilibaki kimya. Siafu alikuwa juu ya rafu, betri imetolewa, mashine njema isiyomhusu mtu. Klementina aliweka bakuli la uji mbele ya mama, akasogeza kigoda, akangoja. Mama hakuligusa. Jua lilikuwa likizama nyuma ya mikorosho, na mwanga wake mwekundu uliingia mpaka kitandani.

"Linus," mama aliita.

Klementina aligeuka kuutazama mlango, kabla hajakumbuka.

"Nipo, mama."

"Uji unapoa. Tembea kidogo, nikusikie."

Alitaka kusema kwamba yeye ni Klementina, kwamba kesho ana kipindi cha kwanza Ruangwa, kwamba jina ni jina tu. Alilitazama bakuli. Alitazama mifupa ya mkono uliokuwa juu ya blanketi. Kisha akasimama, akatoka ukumbini, akaanza kutembea juu ya saruji kutoka dirishani kwenda mlangoni.

Hatua za kwanza zilikuwa zake. Baada ya hapo alisikia mguu wake wa kushoto ukichelewa kidogo, kisha ukiburuzwa, na hakujua kama ni yeye aliyeuacha nyuma. Chumbani kijiko kiligonga bakuli.